Kifuniko cha Kalamu Kwenye Soketi ya Mama

Mama alitufundisha kuchomeka plagi za miguu miwili kabla hajatufundisha kuwasha jiko. Soketi za nchi yetu zina matundu matatu, na yale mawili ya chini hayafunguki mpaka kitu kiingie kwenye lile la juu. Redio ya Baba ilikuja na miguu miwili. Televisheni nayo ikaja na miwili. Basi Mama alikuwa anachukua kifuniko cha kalamu, anakidunga pale juu, kisha anasukuma plagi mpaka izame. "Plastiki tu," alituambia. "Si msumari, si kijiko. Na mikono ikauke kwanza." Nyumbani kwetu Iguhu kila soketi ilikuwa na kifuniko chake, na shuleni tulikwenda na kalamu zilizokauka wino kwa kukosa vifuniko.

Pamoja na mafunzo hayo yote nilikua nikiiogopa stima, na sioni haya kusema hivyo. Kwetu haiondoki kwa heshima wala hairudi kwa heshima. Mawingu yakijikusanya alasiri, kama yanavyojikusanya Kakamega karibu kila siku ya mvua, taa zinafumba na kufumbua macho, kisha zinakufa. Zikirudi zinarudi kwa kishindo. Nikiwa mdogo nililiona friji la jirani likitoa moshi siku stima iliporudi, na yule mama amesimama mlangoni na ndoo ya maji asijue kama amwage au asimwage. Hadi leo, mtu mzima mwenye kazi ya ofisi na nyumba ya kupanga Amalemba, mjini Kakamega, taa zikizima nazunguka nyumba nzima nikichomoa kila kitu. Majirani wananicheka. Nacheka nao, lakini nachomoa.

Kwa hiyo dada yangu mkubwa alipopiga simu kutoka Marekani kusema ana mimba na kwamba Mama lazima aende, shangazi zangu walipiga vigelegele, na mimi nikafikiria mashine.

Mama ana pumu. Siku nyingi anaishi nayo vizuri, kile kichupa cha kupuliza mdomoni kimo mfukoni mwa sweta yake na maisha yanaendelea. Lakini kuna siku kichupa hakitoshi. Hapo tunatoa mashine ya mvuke: dawa ya maji inawekwa kwenye kikombe kidogo, mashine inasukuma hewa ndani ya mrija, dawa inageuka mvuke na kuingia kwenye barakoa, na Mama anaturudia taratibu. Nimewahi kumwona kabla mashine haijawaka. Mabega yanapanda na kushuka, shingo inaingia ndani, midomo inapoteza rangi yake. Ukishamwona mzazi wako hivyo hata mara moja, huwi tena mtu wa kulala fofofo.

Na kutokwenda halikuwa jambo la kujadili. Kwetu binti akijifungua mara ya kwanza, mamaye ndiye anayemkanda, anayemkorogea uji wa wimbi, anayemwogesha mtoto. Hakuna muuguzi anayechukua nafasi hiyo, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta. Mama alianza kushona blanketi kabla hajapata viza. Mimi niliyebaki karibu naye nikapewa kazi ya kuhakikisha mashine yake itafanya kazi huko.

Niliigeuza mashine juu chini mezani nikasoma kibandiko chake. Chaja ya simu yangu imeandikwa volti mia moja hadi mia mbili arobaini, maana yake unaweza kwenda nayo upande wowote wa dunia, ukabadilisha umbo la miguu tu. Mashine ya Mama ilikuwa na namba moja peke yake: mia mbili thelathini. Haikuacha nafasi ya kubembelezana. Stima ya Marekani ni kama nusu ya hiyo. Mashine yetu ingechomekwa kule ingenguruma kwa unyonge, mvuke usitoke, na Mama awe amekaa kwenye nyumba ya ghorofa ya watu asiowajua, mabega yakipanda na kushuka. Nilikaa na picha hiyo kichwani ofisini, sokoni, hata kanisani wakati wa sala.

Nikaingia mjini kutafuta. Duka la kwanza la vifaa vya simu, kijana alinipa kijisanduku cheupe chenye meno yanayoingia na kutoka kila upande.

"Hii ni ya dunia yote, sista," akaniambia. "Unaendanga nayo popote."

Nikamuuliza kuhusu nguvu ya stima. Akanitazama kwa huruma. "Stima ni stima," akasema, kisha akanionyesha tena jinsi meno yanavyotoka, polepole, nadhani akiamini kwamba sikuona mara ya kwanza. Nilimjibu kwa ukali kuliko alivyostahili. Nilimwambia adapta inabadilisha miguu, haibadilishi kinachopita ndani ya miguu, na kwamba mtu anaweza kufa kwa kutojua tofauti hiyo. Wateja wawili waligeuka. Nikainunua adapta hata hivyo, kwa aibu.

Kumbe adapta ilikuwa sehemu rahisi. Tatizo lilikuwa kitu cha kupandisha nguvu. Nilikuta kimoja kidogo, chepesi, kinachoingia kwenye kiganja, na karibu nikipende kwa udogo wake. Kisha nikasoma nyuma: kilikuwa cha mashine za kunyolea ndevu na vitu vya kupasha moto kwa dakika chache, si cha kitu chenye mota kinachozunguka mfululizo. Mashine ya Mama ni mota tupu. Nikakirudisha mezani haraka nikafuta mikono kwenye sketi. Mwishowe niliagiza transfoma halisi kutoka Nairobi, ya kupandisha tu, kutoka stima yao kwenda yetu, yenye uwezo mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye mashine. Ilipofika, mtu wa vifurushi aliniuliza kama nimeagiza jiwe la kusagia.

Niliiweka mezani, nikaitazama, na ndipo hofu ya kweli ilipoingia. Sikuwa na namna ya kuijaribu. Kakamega nzima, kuanzia Amalemba mpaka kule kwenye msitu, hakuna soketi hata moja inayotoa stima dhaifu ya Kimarekani. Lile dude lingefanya kazi yake ya kwanza duniani siku Mama atakapokuwa anakosa pumzi, maili elfu kadhaa kutoka kwangu. Kama lina kasoro, tungejua siku hiyo. Nililieleza jambo hili kwa wenzangu wa ofisini na mmoja akaniambia niwe na imani. Imani ninayo. Lakini imani yangu haijawahi kuhusu nyaya.

Siku ya kufunga mizigo, Mama aliliinua lile dude la transfoma kwa mikono miwili, akalipima, akaliweka chini kando ya kitanda. Pale lilipokuwa sandukuni akaweka unga wa wimbi, mboga zilizokaushwa na blanketi lake. Nilipopinga, alimpigia dada yangu simu ya picha ili wanishambulie pamoja. Dada yangu alikuwa amelala chali, tumbo limejaa kioo.

"Acha kumbebesha Mama mawe," akaniambia. "Nitamnunulia mashine ya huku, ya stima ya huku. Imeisha."

Ilikuwa akili timamu, na ilinikasirisha. Nilikuwa nimebeba hofu ile peke yangu kwa muda mrefu, na yeye ameimaliza kwa sentensi moja akiwa amelala. Mama akasafiri na vichupa vyake vya kupuliza na barua ya daktari. Mashine yake ya zamani na transfoma vikabaki chini ya kitanda changu Amalemba.

Na alikuwa sawa, dada yangu. Alinunua kimashine kidogo cha bluu, kizuri hata kwa kukitazama. Siku moja ya baridi kali kifua cha Mama kilibana, wakakiwasha, kikafanya kazi yake. Alinitumia picha: Mama na barakoa usoni, mtoto mchanga kifuani, macho yake yakicheka juu ya plastiki. Niliitazama picha ile mpaka simu ikazima yenyewe. Nikalala siku hiyo usingizi mrefu kama mtu aliyetoka kuugua. Hofu yangu yote nilikuwa nimeielekeza upande wa kwenda. Ya kurudi sikuwa nimeiwekea akiba.

Mama alirudi wakati wa mvua nyingi. Watu wa kanisa walimpokea Kisumu kwa gari wakampeleka moja kwa moja Iguhu, kwa sababu alikuwa amechoka na wageni na nyumba za watu, alitaka kitanda chake. Kesho yake nilikwenda, tukamchinjia kuku, ingokho ya kumkaribisha, tukala na majirani, tukapitisha picha za mjukuu mkono hadi mkono. Masanduku yalikuwa bado yamefungwa. Hakuna aliyezungumza habari za mashine. Nilirudi kazini nikikusudia kumpelekea ile ya zamani mwisho wa wiki.

Kisha alasiri moja akanipigia ofisini. Nilimsikia kabla hajasema, ile pumzi fupi inayoanza juu ya kifua badala ya chini.

"Kimenibana kidogo tangu asubuhi," akasema. "Ni vumbi. Nyumba ilifungwa sana. Nataka niweke ile dawa ya mashine."

Nikamwambia avumilie, natoka sasa hivi, namletea mashine yake.

"Ya nini? Niko na yangu. Dada yako alinifungia kwa sanduku, na kale kadude ka kubadilisha miguu. Inatoa miwili ya mviringo, lakini si kifuniko cha kalamu kiko? Inaingianga tu."

Nilisimama. Nakumbuka kiti kilianguka nyuma yangu. Mashine ya bluu ilikuwa ya volti mia moja na ishirini, na kile kidude kilikuwa adapta, ndugu wa ile ya dunia yote, cha kubadilisha miguu na si zaidi. Soketi ya Iguhu ingeipa nguvu mara mbili ya ile iliyozaliwa kuipokea. Mota ingeungua. Na mota hiyo ndiyo inayosukuma hewa kwenye mrija, na mrija unaishia kwenye barakoa, na barakoa iko usoni mwa mama yangu. Moshi wa plastiki ungekwenda moja kwa moja kwenye kifua ambacho tayari kimefunga.

"Mama, usiiwashe hiyo," nikasema. "Itaungua. Usiiwashe."

Radi ilipiga na laini ikakatika. Nilipopiga tena niliambiwa hapatikani. Simu ya jirani yake ililia mpaka ikachoka. Baba alishatutoka, na Mama anakaa peke yake. Sikujua kama alinisikia.

Nilikimbia Amalemba, nikavuta mashine ya zamani kutoka chini ya kitanda, nikaifunga kwenye karatasi za nailoni na khanga, nikasimamisha bodaboda. Mvua ilitukuta kabla hatujatoka mjini. Dereva alitaka tujikinge kwenye kibanda mpaka ipungue. Nilimwambia kuna mgonjwa, hakuniuliza tena. Niliikumbatia mashine tumboni nikiinama juu yake, maji yakinishuka mgongoni, na kichwani nikawa nahesabia Mama hatua: ametoa dawa, ameimimina kwenye kikombe, amevaa barakoa, amechukua kifuniko cha kalamu. Kila nilipofika hapo nilirudi mwanzo, ili asifike kwenye swichi. Niliogopa mpaka taya zikauma. Kila nyumba tuliyoipita niliitazama kama kuna taa, na kwa hofu ile sikuelewa kwa nini zote zilikuwa na giza mchana ule mweusi.

Nilielewa nilipoingia. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na ukuta, wima, mikono magotini, barakoa usoni. Mashine ya bluu ilikuwa kwenye stuli kando yake. Mrija umeungwa, dawa imo, adapta imeingia kwenye soketi, kifuniko cha kalamu kimesimama kwenye tundu la juu, swichi imebonyezwa. Kila kitu alikuwa amekifanya sawasawa, kama alivyotufundisha. Stima ilikuwa imepotea kabla tu hajamaliza. Alikuwa anaingoja irudi.

Aliinua mkono kuniambia nisiwe na wasiwasi, itarudi sasa hivi.

Nilizima swichi kwa kofi, nikang'oa plagi na adapta kwa pamoja, nikasukuma stuli mpaka mashine ya bluu ikaangukia kwenye kochi. Mama alinitazama kama anavyotazamwa mwizi. Nilijaribu kumweleza na maneno hayakuja kwa mpangilio. Nilisema itaungua, itaungua. Kisha nikafungua nailoni, nikatoa mashine ya zamani, kavu, nzima, ya stima yetu, na kusimama nayo katikati ya sebule isiyo na stima.

Sijui kama nimewahi kuogopa zaidi ya dakika zile. Stima ile ile niliyoihofia njia nzima, sasa niliitaka irudi. Alipuliza kichupa chake tena, nikaona dawa haikushuka popote. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika. Nilimwita dereva wa bodaboda aliyejibanza kibarazani, tukashauriana kumbeba mpaka hospitali, yeye mbele, mimi nyuma nikimshika, chini ya mvua ile. Mama alitikisa kichwa. Hakuwa na nguvu ya kukaa kwenye pikipiki, na sisi sote watatu tulijua. Dereva akasema anakwenda kutafuta gari, akaondoka mbio.

Tulibaki wawili. Niliuchomoa mrija wa barakoa yake kwenye mashine ya bluu nikauunga kwenye ile ya zamani, dawa ikiwa bado imo. Nilimshika mgongo nikahisi mbavu zake zikifanya kazi kubwa kwa hewa kidogo. Nilimwambia naogopa. Sikumwambia kumtia moyo, lilinitoka tu. Akanipapasa goti.

Taa ikawaka kwa ule mwanga mkali kupita kiasi wa stima inaporudi, redio ikapiga kelele, nami nikaruka kwenye soketi. Plagi ya mashine ya zamani ina miguu mitatu, kifuniko cha kalamu kilikuwa bado kimeziba tundu la juu, na nikakipelekea vidole kukichomoa. Nywele zilikuwa zinadondoka maji, sweta inadondoka maji, vidole vinang'aa kwa maji.

Mama alinishika mkono. Alishusha barakoa, akavuta ile pumzi aliyoipata wapi sijui, na akaitumia yote kwa neno moja.

"Mikono."

Akaivuta yote miwili kwenye mapaja yake, akaikausha kwa leso yake, kiganja kwa kiganja, kidole kwa kidole, huku mabega yake yakipanda na kushuka. Hakuharakisha. Alipomaliza akaniachilia. Nilikichomoa kifuniko, nikachomeka, nikabonyeza. Mashine ya zamani ikanguruma, mvuke ukajaa kwenye barakoa, na mimi nikakaa sakafuni miguuni pake nikalia kwa sauti, mtu mzima, mpaka dereva aliporudi na gari akakuta hatulihitaji tena kwa haraka ile. Tulikwenda hospitali hata hivyo, taratibu, baada ya rangi yake kurudi.

Kabla hatujatoka, Mama aliona bado nimekifumbata kifuniko kwenye ngumi. Alininyooshea mkono. Nilidhani anataka kukitupa. Alisimama polepole, akakiweka juu ya redio, mahali pake pa siku zote, kwa kuwa redio ina miguu miwili.

Mashine ya bluu nilirudi nayo Amalemba. Alinisihi nisiitupe, kwa sababu mzaliwa wake wa kwanza ndiye aliyemnunulia, na sikuitupa. Nilikata plagi yake kwa kisu cha jikoni, nikaiweka kabatini. Na sasa mawingu yakijikusanya alasiri na taa zikaanza kufumba na kufumbua, sizunguki tena nyumba yangu kwanza. Nampigia Mama. Simuulizi habari za huko. Namuuliza amechomeka nini, naye, kabla hajanijibu, huniuliza kama mikono yangu imekauka.